Shangazi na Tiketi ya New York

Ukitaka kujua umbali wa Nairobi na New York, usimuulize shangazi yangu wa Mombasa. Wataalamu watakwambia ni kilomita kama 11,800, na kwamba ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua saa 15 hivi kwenda na 14 kurudi. Shangazi hana haja na wataalamu. Yeye anaamini tiketi.

Alikuja Nairobi kuniaga Desemba, kwa basi la usiku, miguu imemvimba. Akavaa miwani, akaisoma tiketi yangu: kuondoka saa sita usiku, kufika saa moja asubuhi. Akahesabu kwa vidole.

"Saa saba! Mie kutoka Mombasa nimekaa saa nane, na gurudumu likipasuka Mtito Andei ni kumi. Kumbe Marekani ni karibu hivi! Mbona basi watoto wa watu wakienda huko hawarudi?"

Nikamweleza kwamba majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane.

"Iko nyuma yetu," akasema, "na ndiyo tajiri?"

Nikapanda ndege. Kabla hatujaimaliza Sahara, jirani yangu alikwishalifanya bega langu mto. Atlantiki nzima nikaivuka na haja imenibana, naona haya kumwamsha.

Kule nako sikupumzika. Shangazi hupiga simu saa tatu asubuhi, akishakunywa chai. Kwangu ilikuwa saa saba usiku. "Saa tatu hii bado umelala? Nchi ya watu imekuharibu mapema!"

Kasheshe yenyewe ilingoja nirudi. Alikuwa kwangu tayari, miwani usoni, tiketi mkononi. Kuondoka New York saa sita mchana, kufika Nairobi saa nne asubuhi ya kesho yake.

"Kwenda saa saba, kurudi saa ishirini na mbili. Mwanangu, hizo kumi na tano ulikuwa kwa nani?"

Mke wangu akaacha kumenya viazi.

Nikaona nitumie upepo, maana shangazi ni binti wa nahodha. Kaskazi na kusi hafundishwi. Nikamwambia kule juu zinakopita ndege kuna pepo kali zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda tunapambana nazo, kurudi zinatusukuma, na safari inapungua kama saa nzima.

Uso ukamnawiri. "Yaani kwenda mlikwenda joshi, kurudi upepo uko shetrini?"

"Ndivyo hasa, shangazi."

"Upepo unakusukuma mgongoni, na bado umechelewa saa kumi na tano?" Akavua miwani, akamgeukia mke wangu. "Pole, mwanangu. Hili si la ndege."