Gitaa Lichaguliwe kwa Siku Litakapoharibika

Kijana wa Baraka, mji wa Fizi kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, anayetaka kupiga solo ya metali asionewe huruma. Nusu ya vifaa vya muziki huo anavyo tayari: spika iliyopasuka, jenereta inayonguruma kuliko ngoma, na kwaya inayoweza kuimba usiku kucha bila mtu kuomba maji. Kilichobaki ni gitaa, na hapo ndipo akili huhama. Akishaona kwenye simu gitaa jeusi lenye pembe za mbuzi, basi; kuanzia siku hiyo kila dola inayopita mfukoni mwake imeshachumbiwa. Atauliza rangi, atauliza umbo, atauliza nani alilishika jukwaani Ulaya. Swali la maana kwa mtu anayeishi kati ya Uvira na Kalemie hataliuliza: siku likigoma, nani atalitengeneza? Mimi nasema gitaa la solo, hasa huku, lichaguliwe kwa kuitazamia siku litakapoharibika. Siku hiyo itafika, na kwa jinsi vyombo vya muziki vinavyoijua kalenda, itakuwa Jumapili kanisani, ambako gitaa hilo hilo hupigwa, mhubiri amekwisha kusimama.

Historia ya muziki wenyewe iko upande wangu. Mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichukua wembe akachana spika ya ampli yake ndogo ili gitaa likwaruze. Watu wakauita uvumbuzi. Huku kwetu spika huchanika bila wembe, kwa juhudi za wanakamati wanaofungulia sauti hadi mwisho, na hakuna aliyepewa sifa hata siku moja. Mwaka uliofuata, Tony Iommi wa Birmingham, akiwa na miaka 17, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati. Vilikuwa vidole vya mkono wa kukandamizia nyuzi, maana yeye hupiga kwa mashoto. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajifinyangia vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba za banjo, na baadaye akazilegeza nyuzi zake zote zikatoa ile sauti nzito ya kaburini. Bendi yake ya Black Sabbath ilipokuwa ikirekodi albamu ya kwanza mwaka 1969, sumaku ya kunasa sauti ya gitaa lake la Stratocaster ilikufa studioni, naye akaokota Gibson SG aliyokuwa ameiweka akiba. Albamu ikatoka Februari 1970. Wembe, chupa ya sabuni na gitaa la akiba: hao ndio wazazi wa metali. Franco Luambo Makiadi, aliyejifunzia utotoni kwenye gitaa la kujitengenezea, angemwelewa Iommi bila mkalimani.

Kwa hiyo tuanze na umeme, maana ndiko ajali nyingi zinakoanzia. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, mkondo mdogo huzaliwa, ampli ikaukuza. Ubaya ni kwamba waya huo hauna ubaguzi: hunasa pia mngurumo wa umeme ulio jirani. Weka gitaa la sumaku ya waya mmoja karibu na jenereta, au kwenye inverta ya bei nafuu inayochaji simu za mtaa mzima, na utasikia nyuki. Kisha ongeza distoshoni, ambayo kazi yake ni kukuza kila kitu bila kuuliza, na nyuki wanakuwa mzinga mzima uliopigwa teke. Dawa iko tangu mwaka 1955, pale Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipoweka misokoto miwili ya waya ubavu kwa ubavu, ikizungushwa ili mngurumo wa mmoja uufute wa mwenzake. Ndiyo hambaka. Metali kwa sehemu kubwa imeishi juu ya kifaa hicho kwa sababu ya unene wa sauti yake, lakini mtu wa Baraka ana sababu ya pili iliyo nzito zaidi: waumini wa benchi la mbele wasidhani kuna kitu kinaungua.

Hapo muuzaji atakuonyesha hambaka za kisasa zaidi, zenye betri ya volti 9 ndani ya gitaa. Sauti yake ni kali kweli, sipingi. Ila zimetengenezwa hivi: ukichomeka kebo, betri inaanza kuliwa, iwe unapiga au umelala. Kijana anayetoka kesha saa kumi na moja alfajiri, macho mekundu, hachomoi kebo. Ataamka kwa ibada na gitaa zuri lenye thamani ya mbuzi kadhaa na sauti ya ubao. Hambaka ya kawaida isiyo na betri haina mtindo huo, na waya wake ukikatika, fundi wa redio sokoni anaulehemu huku akisimulia habari za mpira.

Ugomvi mkubwa uko kwenye daraja la nyuzi linaloelea, lile la Floyd Rose. Najua watakachosema: solo ya metali bila mkono wa kuzamisha nyuzi hadi zipige kelele za nguruwe si solo. Ni kweli kwamba kifaa hicho kilibadilisha upigaji tangu miaka ya 1980, na kinashika tyuni vizuri ajabu, mradi nyuzi zote sita ziwe hai. Daraja hilo limesimama kwa mvutano kati ya nyuzi upande mmoja na springi upande mwingine. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda juu kila moja kwa kiwango chake. Na kwa sababu nyuzi zimefungwa kwa skrubu juu na chini, hutengenezi kitu bila ufunguo mdogo wa aleni, ambao kwa kawaida uko nyumbani, ndani ya suruali nyingine. Mwenye daraja lisilocheza akikatikiwa na uzi anaendelea na mitano hadi amina. Anayetaka sauti ya kulia avute uzi kwa kidole.

Uzi wenyewe uwe wa kawaida, ule mwembamba wa inchi 0.009 au 0.010. Magitaa ya nyuzi saba yanavutia, lakini sioni mtu akiupata uzi wa saba kwa urahisi barabara ya kupanda Fizi. Hapa kuna onyo kwa mji wa wavuvi. Waya wa breki ya baiskeli utalia kwenye gitaa la umeme, vibaya, lakini utalia, kwa kuwa ni chuma. Mshipi wa nailoni hautalia kabisa. Sumaku haiuoni. Unaweza kuufunga kwa ustadi wote wa kuvulia ziwani, ukapiga solo ya maisha yako, na kanisa likakutazama ukitikisa vidole kimya.

Kuhusu umbo, niwe mfupi. Gibson ilitoa gitaa la Flying V mwaka 1958, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuipiga akiwa ameketi kwa raha. Ifikirie juu ya pikipiki yenye abiria wawili na gunia la mihogo. Ifikirie ndani ya boti, ikimchoma mama wa ndagala ubavuni. 

Wapo watakaouliza metali inahusiana nini na Fizi. Nairobi ina bendi za metali, na mwaka 2020 mojawapo, Duma, ilitoa albamu yake kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ukali si wa Wazungu peke yao. Na Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, aliitwa Machine Gun kwa kasi ya vidole vyake kwenye seben, ile sehemu ya dansi ya muziki wa Kikongo, jina ambalo bendi yoyote ya metali ingeliiba. Pingamizi zito zaidi ni la mfuko: gitaa ni moja, na Jumapili litatakiwa lipige seben safi, inayong'aa. Nakubali, hambaka ina unene usiopendeza kwenye seben. Ndiyo sababu ninapendekeza gitaa lenye hambaka mbili na swichi ya kuzima nusu ya kila moja. Unapoizima, sauti inakuwa nyembamba na safi, ngurumo inarudi kidogo, na mchungaji anaridhika. Anayesema metali ni ya shetani akumbuke kwamba kuna watu walioisema seben hivyo hivyo, na leo wanaicheza wakati wa sadaka.

Basi ukifika kwa muuzaji, usiliangalie kwanza kwa mbele. Lishike kama bunduki, utazame shingo kwa urefu wake: iwe imenyooka, maana unyevu wa ziwa na jua la kiangazi hupinda mbao. Bonyeza kila freti hadi ya mwisho, solo inaishi huko juu. Tyuni, vuta nyuzi kwa nguvu, tyuni tena. Likiteleza mara ya tatu, lirudishe. Tikisa kebo pale inapochomekwa, kwa kuwa hapo ndipo magitaa mengi hufia. Mwombe awashe jenereta, hata akinung'unika. Na pesa ikipungua, acha mkanda wa ngozi wenye mafuvu, nunua seti mbili za nyuzi.