Moshi wa Marehemu

Mwenye nyumba wangu wa Mkomani, Lamu, alikuwa mtu mpole hadi nilipomwambia nahama. Siku ya kukabidhi funguo alikuja amevaa miwani ambayo sikupata kumwona nayo wakati wa kupokea kodi, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya zidaka, akainua uso.

"Ndoo uone. Nini hiki?"

Juu ya kidaka cha katikati palikuwa na doa la rangi ya chai ya mkandaa, limepanda na ukuta hadi kwenye boriti. Nikamwambia ni moshi. "Wa sigara," akamalizia, na dipoziti yangu ikaanza kuyeyuka papo hapo: chokaa, fundi, msaidizi wa fundi, punda wa kubeba mchanga.

Mimi navuta, mtaa mzima wajua. Lakini navutia juu paani, ambako upepo wa kusi hauachi hata jivu litulie. Kanuni yenyewe haina utata: mpangaji hulipia alichoharibu, halipii uchakavu wa kawaida, na moshi wa sigara kwa kawaida huhesabiwa uharibifu. Kazi ni kujua moshi ni wa nani. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hunywa kila inachopewa. Ukuta ule umekunywa kandili za mafuta ya taa, majiko ya makaa na udi wa arusi zisizo idadi. Hata asubuhi ile mkewe alikuwa ametangulia kuifukiza nyumba inukie kwa mpangaji mpya, na chetezo kilikuwa bado kinafuka ndani ya kidaka kile kile, chini ya doa lile lile. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Udi ni heshima," akasema. "Hauachi alama."

Nikawaza pa kushtaki. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za makazi humlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kwa pesa hizo, katika mji huu ambao UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nadhani hata punda hapati banda. Iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ila ushahidi nitoe wapi? Nani Lamu hupiga picha ukuta siku ya kuhamia? Siku ya kuhamia watu hula haluwa.

Akaitwa fundi kutoka Langoni aje akadirie. Akakwangua kwa ncha ya mwiko: rangi ya chai, chini yake nyeusi, chini yake nyeupe, kisha chai tena. Mwenye nyumba akataka pafunikwe kwa rangi ya plastiki, pang'ae. Fundi akagoma. Ukuta wa matumbawe ukiuziba hivyo, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na plasta yote hubanduka. Ni chokaa juu ya chokaa au yeye aende zake. Bili ikapanda tena.

Ndipo alipoingia dada mtu, mkubwa wake, kufuata chetezo chake kilichoazimwa. Akatazama juu.

"Hapo si ndipo alipokuwa akikaa baba na sigara zake? Wamlipisha mtoto wa watu moshi wa marehemu?"

Kaka mtu kimya.

"Basi kama una thamani, ni mali ya urithi. Nina fungu langu, nusu ya lako. Twende kwa Kadhi."

Kesi za mirathi ya Waislamu ndiyo kazi ya Kadhi, Katiba ya 2010 imesema hivyo, na mirathi ya nyumba ile, kumbe, haikuwahi kugawanywa. Mwenye nyumba akavua miwani. Akatamka kwamba doa lile ni uchakavu wa kawaida, akanihesabia dipoziti yote, noti juu ya noti, haraka haraka.

Nilipokuwa nashuka ngazi nilimsikia dada mtu akiuliza kodi ya hapa huwa shilingi ngapi kwa mwezi.