Busu na Moto

Tamthilia ya televisheni Station 19 ilichipuka ubavuni mwa ile ya madaktari, Grey's Anatomy, Machi 2018, ikafungwa Mei 2024 baada ya misimu 7. Humo, zimamoto wa Seattle huzima moto kati ya busu na busu. Mhusika mmoja, Ben Warren, alianza na dawa za usingizi, akageuka mpasuaji, akatupa kisu akashika mpira wa maji, na mwishoni akarudi hospitali. Huku kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, mtu akipata kazi moja tu tunamfanyia ibada ya shukrani!

Jirani yangu wa mtaa wa Kalundu, mwenye televisheni, aliniuliza, "Baba, hawa watu wanalala saa ngapi?"

"Wanalala, Mama. Ila si peke yao."

Kwetu, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, hapakuwa na fidla ya kulia nyuma yetu. Palikuwa na vijana wa Msalaba Mwekundu na majirani, chepeo mkononi, suruali zimekunjwa hadi magotini, kandambili moja imemezwa na tope. Sikusikia anayekiri mapenzi.

Jirani akaongeza sauti ya televisheni. Umeme ukakatika, midomo ikiwa bado haijagusana.