Vigogo watano wa ini, tukianzia mkiani

Ini tunalijua kwa pombe na kwa rosti. Ndani ya seli zake, hata hivyo, kuna siasa nzito. Homoni za steroidi ni jamii ya mafuta, hivyo hupenya utando wa seli bila kupiga hodi. Zikifika ndani hunasa kwenye protini iitwayo kipokezi cha kiini, nayo inashika DNA na kuamuru jeni ipi iwake, ipi izimwe. Binadamu ana vipokezi 48 vya ukoo huu. Nimepanga vitano. Mbishi alete orodha yake.

5. Kipokezi cha androjeni
Kwenye jimu ni mfalme, kwenye ini ni mgeni mwalikwa. Hata tofauti za utendaji wa jeni kati ya ini la panya dume na la jike hutokana zaidi na homoni ya ukuaji: kwa dume hutoka kwa mikupuo, kwa jike karibu mfululizo. Hukumu: jina lake, jasho la wengine.

4. CAR
Wenzake husubiri homoni ndipo waanze kazi. Huyu akiingia tu kwenye kiini anaanza, ndiyo maana seli humfungia nje. Mwaka 1998 ikabainika kuwa baadhi ya steroidi, badala ya kumwasha, humpoza. Dawa ya kifafa, fenobabito, nayo humwachia huru bila hata kumgusa. Mfanyakazi asiyehitaji bosi. Bosi akija, kazi inalala.

3. Kipokezi cha kotisoli
Hukaa nje ya kiini akilindwa na protini nyingine. Kotisoli ikifika, anawaacha walinzi, anaingia ndani na kuwasha jeni za kutengeneza sukari kutokana na asidi amino. Ukimeza predinisoloni kwa muda, sukari ya damu inaweza kupanda hata kama soda hujaiona tangu Idi. Ningempa nafasi ya juu, ila ana nidhamu mno, hana vituko.

2. Kipokezi cha estrojeni
Mchome jogoo sindano ya estrojeni. Ini lake litaanza kutengeneza vitelojenini, malighafi ya kiini cha yai, na kuimwaga kwenye damu. Yai lenyewe halipo, wala pa kulitagia hapana! Jeni alikuwa nayo siku zote, alikosa amri tu. Miaka ya 1990 samaki dume wa mito ya Uingereza, karibu na mitambo ya majitaka, walikutwa na protini hiyohiyo. Mashabiki wa jogoo, najua mmenuna. Subirini.

1. PXR
Mlinzi wa geti asiyechagua. Mfuko wake wa kunasia ni mpana, unapokea steroidi, asidi za nyongo, dawa, hata mitishamba. Akiwashwa, ini linazalisha vimeng'enya vya kusaga kila kigeni. Rifampisini ya kifua kikuu humwasha vibaya sana: homoni za vidonge vya uzazi wa mpango zinasagwa kabla ya kufanya kazi, na mwenye VVU anayetumia dolutegravir miligramu 50 mara moja kwa siku huongezewa ziwe mara mbili.

Kituko chenyewe: PXR wa panya haitambui rifampisini. Ukimuuliza panya kama dawa hiyo itavuruga vidonge vyako, atakwambia meza tu, hamna shida.