Namna ya Kuzima Sauti ya Mtoto Ndani ya Kaye

Mwalimu mwenzangu wa Uvira, kuzima sauti ya mtoto anayejifunza kuandika ni kazi nyepesi. Chaki moja inatosha, pamoja na biki nyekundu. Ufuate mwongozo huu mwaka mzima wa masomo, na mwisho wake utakusanya kaye sitini zenye insha moja. Nimeuandika wazi, hatua kwa hatua, ili atakayeufuata ajue anachokifanya.

Anza na orodha. Andika ubaoni tashbihi kumi zilizokwisha kupikwa: mrembo kama ua, mweusi kama mkaa, mbio kama mshale, mkali kama simba, mweupe kama theluji. Waambie wanafunzi wa mwaka wa tano wa primeri wazinakili na kuzikariri, kisha kila insha iwe na tatu kati ya hizo, la sivyo alama zinakatwa. Mtoto wa Kasenga hajaona theluji wala simba. Ameona muhogo uliolowekwa ukaanikwa kando ya barabara mpaka ukang'aa juani. Amemwona mama anayeuza samaki akilinda ndagala wake mchangani dhidi ya kuku na mbwa, fimbo mkononi, na anajua ukali ni nini. Usimuulize habari hizo. Ukimuuliza atakujibu, na akishajibu orodha yako haina kazi tena.

Kisha mpe jua na mwezi vya kitabuni. Mwambie aandike kwamba jua lilizama polepole ndani ya maji. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika: jua letu linachomoza ng'ambo, upande wa Burundi, na jioni linapotelea nyuma ya mlima mapema, kivuli kinashuka mitaani wakati Bujumbura bado inawaka. Mtoto anayeona hayo kila siku, akiandika kwamba jua limezama ziwani, amejifunza jambo moja kubwa: kwamba katika kuandika macho yake hayana thamani.

Mwezi ndio ulionifanya niandike haya. Vitabuni mwezi mpevu ni uzuri mtupu, na watoto wote huandika hivyo: mwezi uling'aa, kila mtu akafurahi. Lakini kwa wavuvi wa Kalundu, na wa ufuko wote mpaka Makobola na Baraka, usiku wa kazi ni usiku wa giza. Ndagala hufuata mwanga. Taa zikiwashwa juu ya maji meusi wanapanda kwa makundi, na wavu unainuliwa. Mwezi ukijaa, mwanga unatapakaa ziwa zima, samaki wanatawanyika, na mitumbwi inalala ufukweni mpaka giza lirudi. Siku hizo ndagala wanaadimika sokoni, na sufuria nyingi zinapika sombe isiyo na samaki. Basi mtoto wa mvuvi akiachwa aseme lake, anaweza kuandika kwamba mwezi umekuja kutunyang'anya mboga. Sentensi hiyo ina tashihisi, ina njaa ya nyumba nzima, na hakuna mtoto wa Kinshasa ambaye angeiandika. Kwa mwenye nia ya kuzima, hapo ndipo pa kupiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: mwezi hauna mikono.

Biki nyekundu ina uwezo mwingine. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukitoka milimani na mawe na magogo, ukaua watu kwa makumi na kuharibu nyumba kwa maelfu. Habari hizo bado zinasimuliwa majumbani, na kila masika wazazi wanakesha wakisikiliza mto. Mtoto akiandika kwamba mto uliingia bila kupiga hodi, nawe ukaona tu kwamba amekosea herufi mbili, mpe nne juu ya kumi na umrudishie kaye bila neno. Mara ijayo ataandika sentensi fupi isiyo na kosa wala uhai. Tahajia inafundishika, na ninaifundisha kwa bidii. Lakini ile hodi haifundishiki. Ikishaondoka kwa aibu hairudi.

Hapa niseme jambo moja nje ya mwongozo. Watoto wetu wengi wamebeba mafuriko, wamebeba vita na kukimbia makazi. Mwalimu asimlazimishe mtoto kufungua kidonda ili darasa lipate sitiari nzuri. Anayetaka kuandika juu ya mpira, aandike juu ya mpira.

Hatua ya mwisho ya kuzima ni kicheko. Mtoto anafikiri kwa Kiswahili cha Uvira, nyumbani wanasema Kifuliiru, Kivira au Kibembe, na darasani anadaiwa Kifaransa. Akitoa mfano kwa lugha ya mama yake, cheka, na darasa litacheka nawe. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia, tena ziwe somo. Ukitaka kuzima, iache sheria hiyo kabatini.

Sasa nawageukia wale wanaotaka sauti iwake, hata katika darasa lililofurika tangu primeri ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019.

Vitendawili vitangulie, majina ya tamathali yafuate baadaye. Kila kitendawili ni sitiari iliyofichwa, na hakuna mtoto wa hapa asiyejua kuitikia "Tega!" Waambie wasilete vya zamani, watunge vipya juu ya vitu vya mjini mwao: taa ya mvuvi, mtumbwi, motari aliyebeba mbuzi, lori lililokwama matopeni kwenye barabara ya Kiliba. Wengine watatega vibaya, na wenzao watawaambia papo hapo kwamba kitendawili kinavuja. Huo ndio uhakiki wa kwanza wa maisha yao. Baada ya hapo ndipo uandike ubaoni: hiki mlichokifanya kinaitwa sitiari. Jina likija baada ya kitu halitishi. Vivyo hivyo na tanakali za sauti: watoke nje dakika chache wakiwa kimya, warudi na mlio mmoja kila mmoja, bila kurudia wa jirani.

Halafu mistari mitano tu, juu ya jambo moja ambalo mwandishi ameliona mwenyewe. Si ukurasa. Mistari mitano ya watoto sabini inasomeka jioni moja, na mtoto asiye na nafasi ya kujaza hana sababu ya kuazima maneno ya kujazia. Kesho yake soma kadhaa kwa sauti bila kutaja majina, darasa likisie ni ya nani. Wakikisia sawa, mwandishi huyo tayari ana sauti, naye atajua hivyo kwa kuona vichwa vikimgeukia.

Ufaransa kulikuwa na mwalimu wa primeri, Célestin Freinet, aliyefundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup. Mwaka 1924 aliingiza mtambo mdogo wa kuchapia darasani. Watoto waliandika walichotaka, darasa likachagua, likarekebisha pamoja, likachapa, kisha maandishi yakatumwa kwa shule nyingine ya mbali nayo ikajibu. Sisi hatuna mtambo, ila chaki na ubao vinatosha kwa kuchagua na kurekebisha, mradi mwenye sentensi awe na neno la mwisho juu yake. Na barua zinavuka. Darasa la Uvira likiandikiana na darasa la Bujumbura juu ya jambo moja tu, jua, huku wataandika kwamba linatoka ng'ambo ya maji, na kule wataandika kwamba linaingia nyuma ya milima yetu. Hapo kila mtoto ataelewa kwa nini hawezi kunakili insha ya mwenzake.

Wazazi wataniuliza habari za mtihani. Mtoto wao atakapofika mwisho wa sekondari ataandika insha ya Examen d'État kwa Kifaransa, na wanaogopa kwamba mambo ya ndagala yatampotezea wakati. Mimi naona kinyume. Aliyezoea kusema alichokiona atapata la kusema kwa lugha yoyote akishajifunza maneno yake. Aliyekariri utangulizi hukwama swali linapobadilika.

Na anayedhani ushahidi wa mtoto wa Uvira ni jambo dogo, akumbuke mwaka 1858. Richard Burton na John Speke walifika hapa kwa mitumbwi wakitafuta chanzo cha Nile, wakitumaini kwamba mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia ziwani. Huko Ulaya ubishi uliendelea mpaka Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wa mto mwaka 1871, wakaona maji yanakwenda upande ule ule waliotajiwa Burton na mwenzake miaka kumi na mitatu kabla.

Wakurugenzi wa shule za Uvira, za Kiliba, za Mboko na Baraka, nawaomba saa moja kwa juma isiyo na orodha ya kukariri. Walimu, anzeni na mistari mitano wiki hii hii. Nanyi wazazi, mkikuta ndani ya kaye neno la nyumbani kwenu, msilifute. Mwambieni mtoto awasomee sentensi nzima.