Kwa Idara ya Madai: Nimeanza Kuwafundisha Watu Kufa Ipasavyo

Kwa Meneja wa Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima ya Lori Lililompitia Dadangu.

Mheshimiwa,

KUH: SHUKRANI KWA BARUA YENU

Barua yenu imefika na tumeisoma kwa sauti mbele ya wazee, kama inavyosomwa barua ya posa. Sehemu ya pole ilikuwa fupi, nasi tunashukuru, maana sehemu ya masharti ilihitaji nafasi.

Mmeomba ushahidi wa mapato ya marehemu. Dadangu aliuza viazi kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Sijawahi kumwona mama mboga akijiandikia hati ya mshahara mwisho wa mwezi na kuigonga muhuri. Hesabu zake zilikuwa kichwani na kwenye daftari lenye majina ya wanaodaiwa. Daftari lilikuwa kibandani. Lori nalo lilipitia kibandani.

Wakili ametufafanulia jinsi uhai unavyopigiwa hesabu. Unachukua mapato ya mwezi, au kima cha chini cha mshahara kama huna karatasi, unazidisha kwa 12, kisha kwa miaka ambayo mahakama inakadiria marehemu angeendelea kuchuma. Aliyeacha mke au mume na watoto, familia yake kwa kawaida huachiwa theluthi mbili. Theluthi inayokatwa ni ile ambayo angejilia mwenyewe. Waliomjua dadangu wameicheka sana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akila theluthi ya chochote.

Bahati mbaya hesabu hiyo nzuri haituhusu. Sisi tuna kasoro ya kuzaliwa: ni wadogo zake. Wazazi walipofariki alitulea, akatulipia karo, hakuolewa wala hakuzaa kwa sababu watoto alikuwa nao tayari, ndio sisi. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawatambua mke, mume, mzazi na mtoto. Ndugu hawamo. Nanyi mmeikumbuka sheria hiyo haraka kuliko mlivyokumbuka jina la marehemu, ambalo barua yenu imelikosea mara mbili.

Kwa hiyo, ili kuwapunguzia kazi, nimeanza kutoa mafunzo sokoni. Nawaambia wachuuzi: yeyote anayenuia kugongwa na lori aolewe kwanza, azae, na atoze wateja kwa risiti. Asife papo hapo. Fidia ya maumivu huwa ndogo kwa aliyekata roho mara moja na huongezeka kwa aliyeteseka siku kadhaa, basi anayeipenda familia yake ajitahidi kuchelewa. Na kabla ya yote asome namba ya kichwa cha lori, kisha azunguke nyuma asome ya trela, ile inayoanza na Z. Kichwa na trela vinaweza kuwa na wenyewe tofauti na bima tofauti, na siku ya kesi kila mmoja atasema aliyeua ni mwenzake. Mzee mmoja ameuliza kama anaruhusiwa kuzunguka akiwa amelala chini. Nimemwambia nitawaandikia.

Gharama za mazishi, mnataka risiti. Ya jeneza ipo. Ya chai ya matanga haipo, wala ya kuni. Mahakama ya Rufani iliwahi kusema, mwaka 2013, kwamba si haki kutarajia waliofiwa washughulikie kutunza rekodi wakati wanahangaika kuzika. Pengine uamuzi huo bado uko njiani kuja ofisini kwenu.

Lililonivutia zaidi ni aya ya kwamba marehemu alichangia ajali kwa kuketi karibu na barabara. Lori liliacha lami, likavuka mtaro, likamfuata alipo. Juni 30, 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilivamia wachuuzi na abiria waliosimama kando, na zaidi ya watu 50 wakafa. Baada ya hapo wachuuzi ndio walioambiwa wahame kando ya barabara. Naona mmesoma shule moja na waliotoa amri hiyo.

Kuna jambo dogo naomba mnieleweshe. Lori hilo lilibeba ngano ya kwenda Malaba. Nasikia madai ya ngano hayakusumbua. Ilikuwa na ankara, uzani na bei, na mwenyewe hakuulizwa kama ngano ilisimama vibaya. Hakuna aliyemtaka akaitishe kikao cha ukoo wala akatafute kortini hati ya kuisimamia. Je, tungemfunga dadangu kwenye gunia, tukampima, tukamwandikia ankara, faili lake lingehamishiwa dawati la ngano? Najua kwa mtu sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inawaruhusu kuishia shilingi milioni 3. Msiogope, hatujakaribia hapo.

Sheria inatupa miaka 3 tangu siku ya kifo kufungua kesi. Barua yenu ya kwanza, iliyotuomba subira, ilitumia muda wake vizuri.

Wenu mtiifu,
Mdogo wa marehemu (asiyetambulika kisheria)

Nakala:
Dereva (bado anatafutwa).
Mmiliki wa lori, ambaye kwa mujibu wa utetezi wake alikuwa ameshaliuza kabla ya ajali kwa mtu asiyemkumbuka jina.