Jiko la Kuonyesha Wateja
Hongera jirani kwa jiko jipya. Miaka yote bomba la sinki lilivuja, shemeji akilifunga kwa mpira wa baiskeli. Dalali alipotamka kwamba wateja wanakuja Jumamosi, fundi akapatikana siku hiyo hiyo. Masizi yamefunikwa kwa rangi nyeupe, milango ya makabati imerudi kwenye bawaba, na jiko la mkaa limehamishiwa kwetu (lipo salama, usihofu) ili mtungi wa gesi wa kilo 15, wa kuazima, uonekane ndio mwenyeji. Mama watoto, aliyelizwa na moshi humo tangu aolewe, sasa amekatazwa kuchemsha hata chai, marumaru zisichafuke. Mnunuzi kauliza jambo moja tu: ukuta huu ukivunjwa, zinatoka fremu ngapi za maduka?